Dondoo muhimu: Bibi, babu, wajukuu na Kimondo cha Mbozi

Tokeni Tunduma alfajiri, kabla malori hayajaziba barabara. Bibi akae kiti cha mbele. Ukishaacha lami kuelekea Ndolezi, kijiji kilipo kimondo, ni vumbi na mitikisiko. Juni na Julai, masweta kwa wote, wabishi wa darasa la saba wakiwemo. Bebeni chai, viazi vya kuchemsha na kigoda, maana maelezo ya mwongozaji hayasikilizwi kwa magoti mabovu. Watoto waacheni wakiguse kimondo: urefu mita 3 hivi, tani zinazokadiriwa 12, karibu chote chuma. Kisha watafute pembe iliyokatwa kwa msumeno mwaka 1930. Kukipanda hapana, hata kwa picha. Babu akianza simulizi za ukoo, msimharakishe. Tokeni kabla ya giza tu.