Adabu kwa Rafiki na kwa Adui

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akijitoa kutetea wanyonge, basi adabu imekwisha kuingia moyoni mwake, wala hana haja ya kufundishwa. Twasikitika kusema kwamba sivyo. Kupigania haki ya watu ni jambo moja. Kumheshimu mwenzako uliyeketi naye katika benchi moja la mkutano ni jambo jingine, nalo halipatikani pasipo mafunzo. Twapenda kulionyesha jambo hili katika habari za Wamarekani weusi waliodai haki zao miaka ya 1960, kwa kuwa wao walilijua somo hili kuliko wengi, na hata hivyo likawaponyoka.

Mwaka 1958 Mmetodisti mmoja, James Lawson, aliyekuwa amekaa India na kuzisoma njia za Gandhi, alianza kuwafundisha vijana wa mji wa Nashville. Walikusanyika katika chumba cha chini cha kanisa. Baadhi yao walijifanya maadui, wakawatukana wenzao, wakawasukuma, wakawapulizia moshi wa sigara usoni. Hao wengine wakajizoeza kutorudisha neno wala mkono. Tarehe 13 Februari 1960 vijana hao walikwenda kuketi kwenye meza za chakula za maduka ambamo mtu mweusi hakuruhusiwa kula. Walipigwa, wakatiwa gerezani. Tarehe 10 Mei mwaka uleule, maduka sita yakafungua meza zake kwa watu wote. Uvumilivu ule hawakuzaliwa nao. Waliufanyia mazoezi kama wanakwaya wafanyavyo kwa wimbo mgumu.

Huko Birmingham, mwaka 1963, kila aliyetaka kuandamana alipaswa kwanza kutia saini kadi yenye amri kumi. Moja ilimtaka ajiepushe na ujeuri wa ngumi, wa ulimi na wa moyo. Nyingine ilimtaka ashike kanuni za kawaida za adabu kwa rafiki na kwa adui. Angalieni: rafiki alitajwa kwanza. Lakini twadhani wengi waliotia saini walikuwa wakiwafikiria zaidi polisi na mbwa wao.

Maana matata ya nyumbani yalikuwako. Katika mkutano mkubwa wa Washington, tarehe 28 Agosti 1963, hakuna mwanamke aliyepewa hotuba kuu, ingawa wanawake walikuwa wamebeba kazi nyingi mno. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya matayarisho, alipinga kabla ya siku yenyewe. Hatimaye Daisy Bates akapewa kusema maneno machache tu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, vijana wa chama cha SNCC walikutana Waveland, Mississippi, kuyatafakari mambo yao. Ukatokea waraka juu ya wanawake chamani, usio na jina la mwandishi. Ulieleza, kwa mfano, habari za watu wawili waliotumwa kuunda umoja wa wakulima, mwanamume na mwanamke, wenye uzoefu sawa. Yule mwanamume, bila kuuliza, alimwachia mwenzake kazi za kuandikaandika. Na kwa nini waandishi walijificha? Walisema wenyewe kwamba hawakuogopa kufukuzwa. Waliogopa dhihaka na maneno ya mafumbo, mambo yauayo mtu kwa ndani. Hao walioweza kuketi kimya huku wakitemewa mate na wageni waliogopa vicheko vya ndugu zao! Mwaka 1965 wawili miongoni mwao, Casey Hayden na Mary King, waliandika waraka mwingine, safari hii wakiweka majina yao.

Hapa ndipo penye somo kwa vyama vyetu vya kutetea haki, viwe vya wafanyakazi, vya wakulima, au vya wanawake wajane wanaodai mashamba. Chama huwa na kanuni ndefu juu ya ada na uchaguzi, lakini ukiuliza, “Binti akishikwashikwa na mwenyekiti, amwendee nani?” hupati jibu. Amwendee mwenyekiti? Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 kupinga ujeuri na unyanyasaji kazini, unawataja hata wanaojitolea pasipo mshahara. Basi kisingizio cha kwamba “hapa si kazini, sote ni ndugu” hakina nguvu. Wawekwe watu wawili wanaoaminika, mmoja wao mwanamke, wasio na cheo chamani, na majina yao yasomwe mkutanoni. Mashtaka yasikilizwe upesi na kwa siri, naye anayeshtakiwa apewe nafasi ya kujieleza, maana uzushi nao huua. Na asiwepo wa kusema, “Nyamaza, maadui watatucheka.” Neno hilo limeharibu vyama vingi kuliko maadui wenyewe.

Nasi hatuna mikono safi. Katika kamati moja tuliyokuwa wajumbe, binti aliyeandika kumbukumbu za mkutano alitaniwa juu ya umbo lake mbele ya watu wote. Watu wakacheka. Nasi tulicheka kidogo, tukageuza ukurasa wa ajenda. Mkutano uliofuata hakuja, na kitabu cha kumbukumbu kililetwa na mdogo wake. Tumemwandikia barua ya kumwomba radhi, tukiwa tumechelewa sana. Hata tunapoandika haya, hajatujibu.