Dondoo muhimu: Tumbaku haitaki nailoni

Jani la tumbaku likishatoka banini, yaani kwenye banda la kukaushia, wapo wakulima wa Chunya wanaolifunika kwa nailoni na kuona kazi imekwisha. Nailoni haipumui. Usiku wa baridi wa Juni, Mbeya au Iringa, ukifunua asubuhi utakuta matone yamejipanga upande wa ndani. Baada ya siku chache ni ukungu kwenye mshipa wa kati, na uvundo ambao mteuzi sokoni hahitaji kuunusa mara mbili.

Kabla ya kufunga, chukua jani ulikunje. Bapa liwe laini kama ngozi, lakini mshipa ukatike kwa mlio. Ukipinda tu bila kukatika, unyevu bado ni mwingi. Rudisha kwenye joto. Jani likisagika mkononi, liache lipate hewa ya alfajiri ndipo ulishike.

Robota livishwe jute na kushonwa kwa uzi wa jute. Kamba za plastiki ziache kabisa, maana vipande vyake vikichanganyika na majani, robota linaweza kukataliwa. Lilaze juu ya chaga, mbali na ukuta, mbolea na mafuta ya taa. Tumbaku hunyonya harufu upesi mno.

Sigaa ni habari nyingine. Selofani inayoifunika hufanana na nailoni, lakini hutengenezwa kwa selulosi ya miti, si plastiki, na hupitisha unyevu polepole, kwa hiyo usiivue. Ikigeuka njano baada ya miaka, ni mafuta ya jani tu.