Mkimbiaji, Usipuuze Siku ya Mapumziko

Machakos ina sifa ya wakimbiaji. Cosmas Ndeti alishinda Boston Marathon mara 3 mfululizo, 1993 hadi 1995, naye Patrick Makau akaweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Vijana wengi huiga mbio za mabingwa hao lakini husahau kwamba bingwa pia hupumzika.

Unapokimbia mwendo mrefu polepole, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mishipa midogo ya damu huongezeka misulini. Lakini faida hiyo haipatikani barabarani. Mbio huchosha misuli na kupunguza akiba yake ya wanga. Ni wakati wa mapumziko, hasa usingizini, ndipo mwili hujijenga upya.

Hatari iko kwenye mifupa. Pumzi huimarika upesi, mifupa huchelewa. Hivyo mtu hujihisi ana nguvu, akaongeza kilomita, kumbe mfupa wa muundi umeanza kupata ufa.

Ufanyeje basi?

1. Kimbia mbio ndefu mara moja tu kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza, punguza kasi.

2. Kesho yake pumzika, au tembea tu. Ongeza umbali kidogo kidogo, na kila wiki ya nne upunguze.

3. Baada ya mbio kunywa maji na ule chakula cha kutosha. Muthokoi wenye maharagwe hurudisha wanga na kujenga misuli. Lala saa 7 hadi 9.

4. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima uamkapo, kabla ya kuondoka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 10 hivi siku kadhaa mfululizo, nawe huna usingizi wala hamu ya chakula, pumzika.

Usikimbie ukiwa na homa. Mwone daktari bila kuchelewa ukisikia maumivu ya kifua, ukizirai, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi ukikimbia, pia yachunguzwe. Ufa ukigunduliwa mapema, huenda ukapona kwa wiki chache za mapumziko. Ukipuuzwa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Mwenda pole hajikwai.