Dondoo muhimu: Okoa petroli ya pampu Ruaha Mbuyuni

Wakulima wa vitunguu mnaovuta maji ya Ruaha Mkuu, sogezeni pampu karibu na mto. Kimo cha kunyonya kikizidi mita 7 hivi, maji hayapandi hata mkiongeza kasi ya injini.

Mpira mwembamba wa maji nao unakula petroli nyingi, tena kimyakimya. Kwa kiasi kilekile cha maji, msuguano ndani ya mpira wa inchi 2 ni zaidi ya mara 5 ya ule wa inchi 3. Nyoosheni mikunjo, zibeni matundu. Chujio likijaa tope na majani, injini inanguruma bure na jaruba halijai.

Mwagilieni alfajiri, ili maji mliyoyavuta yasipotee kwa jua. Mkiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunueni mpira mpana kabla ya pampu kubwa.