Sumu ya Tarantula Wanaofugwa na Hatari Yake kwa Binadamu

Tarantula, yaani buibui wakubwa wenye manyoya ambao watu wengi wa Ulaya na Marekani huwafuga ndani ya vizimba vya kioo, wanaogopwa kupita kiasi kwa upande mmoja na kupuuzwa kwa upande mwingine, kwani hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu yao, lakini madhara yao mengine ni ya kweli.

Tarantula wa Amerika, kama Grammostola rosea wa Chile, kwa kawaida huleta maumivu yanayokaribia yale ya nyuki, na silaha yao ya kuhofiwa zaidi ni vinyweleo vya tumboni vyenye miba midogo, ambavyo buibui huvipukuta kwa miguu ya nyuma anapotishwa. Kinyweleo kikiingia jichoni huweza kupenya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kusababisha uvimbe wa miezi kadhaa.

Tarantula wa Afrika na Asia hawana vinyweleo hivyo, ila sumu yao ni kali zaidi. Miongoni mwao yumo Pterinochilus murinus, mwenyeji wa Kenya na Tanzania, ambaye wafugaji wa ng'ambo humwita kwa jina la Mombasa, na wapo pia wa jenasi Poecilotheria wa India na Sri Lanka, ambao sumu yao huvuruga mawasiliano ya neva na misuli hata aliyeumwa akapata mikakamao inayorudi kwa siku nyingi. Kwa mbwa hali ni mbaya zaidi: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza mbwa waliokufa ndani ya saa 2 baada ya kuumwa na tarantula wa huko, ilhali watu walioumwa na buibui haohao hawakupata madhara makubwa.

Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, liwekewe kitambaa baridi, wala lisichanjwe, lisifungwe kamba wala kubandikwa jiwe la nyoka. Hospitali hutibu dalili, na mtu anayepumua kwa shida au kukakamaa misuli apelekwe huko bila kuchelewa. Jicho linalowasha lisisuguliwe, bali lisuuzwe kwa maji safi, na daktari wa macho aelezwe waziwazi kwamba nyumbani kuna tarantula, kwa sababu vinyweleo hivyo ni vyembamba mno na asiyevitafuta kwa darubini hatavibaini.