Somo: Chemchem moja, njia ine. Ginsi ya kutengeneza sanduku la kugawa maji



Katika milima ya Masisi chemchem ni nyingi, lakini kila moja ina wenye kuihitaji wengi: wamama wa kuteka maji ya kunywa, wachungaji, watu wa fromaji, walimaji wa kabichi na lenga-lenga. Kule Walikale kuna tena wenye vidimbwi vya samaki. Maji inapopungua, ugomvi unaanza: mtu anafunga njia ya mwenzake usiku, mwingine anakata tuyo kwa panga. Somo hili linaonyesha chombo kimoja rahisi cha kupeleka maji yote upande mmoja, kisha upande mwingine, kila mtu akiona.

Juu ya nini vane peke yake haitoshi?

Wengi wanafikiri ni kununua vane ine na kuziweka kwenye tuyo. Mwanzoni inatembea vizuri. Lakini mwangalie mambo matatu.

Kwanza, presha. Kila metre 10 za kuteremka, maji inaongeza presha karibu bari 1. Mukifunga vane chini ya mlima, metre 80 chini ya chemchem, tuyo inabeba bari 8. Tuyo yenye imeandikwa PN 6 inabeba bari 6 tu, inaweza kupasuka.

Pili, kufunga kwa haraka. Maji yenye inakimbia ndani ya tuyo ndefu ni mzigo mzito. Ukiisimamisha kwa ghafula, inagonga tuyo kwa nguvu na kuachanisha mafasi yenye iliunganishwa na kole.

Tatu, mtu anaweza kufunga vane zote. Hapo maji inarudi nyuma, na chemchem yenyewe inaweza kutafuta njia ingine chini ya udongo. Chemchem yenye imepotea hivyo ni vigumu kuirudisha.

Sanduku lenyewe

Chini kiloko ya chemchem, mujenge sanduku la mawe na simenti, metre 1 kwa metre 1 ndani. Maji inaingia juu, inatulia, na inatoka kupitia midomo 4 ya tuyo yenye imesimama kwenye sakafu. Vipimo hivi vyote vinaanzia sakafuni:

– Midomo 4 ya kutokea: sentimetre 10, yote sawasawa. Hivi mchanga unabaki chini, hauingii ndani ya tuyo.
– Tuyo ya kumwaga ziada: sentimetre 50. Iwe nene kupita tuyo ya kuingiza maji, na isiwekwe vane hata siku moja. Maji yake mupeleke kwenye mufereji, isibomoe musingi.
– Kifuniko: sentimetre 80, na kufuli.
– Tundu la kusafishia: pale pale sakafuni, na bushoni ya kukaza kwa inje.

Sasa sikilizeni siri ya chombo hiki. Kufunga mdomo hatutumii vane. Tunachomeka ndani yake kipande cha tuyo kilichosimama, bila kole, chenye kichwa chake kinafika sentimetre 65. Maji ndani ya sanduku inapanda mpaka 50 na kuanza kutoka kwa njia ya ziada. Haiwezi kufika 65, basi haiingii ndani ya kipande. Njia hiyo imefungwa. Ukichomoa kipande, maji inaingia mdomoni na kwenda.

Kwa midomo 4, mutengeneze vipande 3 tu. Hapana 4! Hivyo mdomo mmoja uko wazi kila wakati, hata mtu akija na nia mbaya. Kubadilisha njia, kapita anachomoa kipande cha njia mupya na kukichomeka kwenye njia ya zamani. Fungua kwanza, kisha funga.

Kuna faida ingine. Kipande kiko wazi juu, kwa hiyo hewa inaingia ndani ya tuyo yenye imefungwa, na maji yenye ilibaki inashuka yote bila kuvuta kuta za tuyo. Tena sanduku liko wazi kwa hewa: presha ya mlima wa juu inaishia hapo, inaanza upya kutoka sifuri. Kama kutoka sanduku mpaka mafasi ya chini mteremko unapita metre 50, mujenge sanduku lingine katikati.

Musichomoe vipande viwili mukizani maji itagawanyika nusu kwa nusu. Sehemu kubwa inaweza kufuata tuyo yenye inateremka zaidi.

Kupima na kupanga zamu

Mukamate bido ya litre 20 na saa. Kama inajaa kwa sekunde 40, chemchem inatoa nusu litre kwa sekunde: litre 1.800 kwa saa, litre 43.200 kwa siku. Mfano wa zamu:

– Saa 12 asubui mpaka saa 3: mboga. Litre 5.400. Kwa litre 5 kila metre mraba, inatosha metre mraba 1.080.
– Saa 3 mpaka saa 6: ngombe na fromaji. Litre 5.400. Ngombe mmoja akikunywa litre 50, ni ngombe 108 kama fromaji haijachukua yake.
– Saa 6 mpaka saa 12 jioni: vidimbwi vya samaki. Litre 10.800.
– Usiku wote: reservwari ya kunywa. Litre 21.600. Kwa litre 20 kila mtu, ni watu 1.080.

Kiangazi, mupime tena kila juma. Bido ikijaa kwa sekunde 80, kila hesabu inakatika nusu. Hapo nani apunguziwe? Hilo mulikubali katika mkutano mkuu wakati maji ingali nyingi, mbele ya shefu wa kijiji, na muliandike kwenye kaye. Maji ya kunywa isiguswe. Vidimbwi vinaweza kungoja siku, mboga haiwezi.

Ginsi hii ya zamu si mupya. Wachaga wa Kilimanjaro na Wamarakwet wa Kenya wamegawa maji ya mifereji kwa zamu tangu vizazi vingi. Mufereji ulidumu juu ya mapatano.

Kulinda kazi

Ufunguo ukae kwa kapita mmoja na mama mmoja wa komite. Kila mwezi, siku ya salongo, mufungue tundu la kusafishia na kuondoa mchanga. Mujenge uzio, ngombe wasikanyage juu ya chemchem. Maji ya kunywa, hata ikiwa safi kwa macho, iendelee kuchemshwa ao kutiwa dawa.

Maulizo ya kujadiliana

1. Bido ya litre 20 inajaa kwa sekunde ngapi kwenye chemchem yetu leo? Na mwezi wa saba?
2. Ni nani wanakunywa maji hii lakini hawako katika koperative? Wako na sauti gani katika zamu?
3. Kama kungekuwa vipande 4 kwa midomo 4, ni nini kingeweza kutokea usiku?