Kitu Kimeondolewa, Karatasi Ingali Inakifundisha



Wengi wenu mulisikia maneno yaliyotokea katika mwaka wa tano, siku ile ya kutoa zawadi ya majaribio ya hesabu. Wengine walisema mashini imerogwa. Wengine walisema mwalimu alipendelea mtu. Maneno yote mawili ni uongo. Sisi wa kundi la ordinatere (wengine wanaita kompyuta) tulitafuta sababu mpaka tukaiona. Mashini haikuwa na kosa, wala mwalimu hakupendelea mtu. Kosa lilikuwa katika karatasi ya masomo. Tunataka kuwaeleza ninyi wote, kusudi jambo kama hili lisirudi tena.

1. MAMBO YALIYOTOKEA

Mwaka wa tano ni wanafunzi 42. Baada ya majaribio mwalimu alituambia hivi: «Musitafute alama kubwa kwa macho. Chukueni programu iliyo katika karatasi ya somo la 6, mashini itawatafutia.» Basi mmoja wetu alisoma alama, karatasi moja moja, na mwingine alizipiga. Tulifanya haraka, sababu esansi ya grupu ilikuwa karibu kuisha. Mwishoni mashini ilitoa jibu: 91. Kijana mwenye 91 alipigiwa makofi, akapewa kitabu.

Kisha msichana mmoja akasimama akasema: «Mwalimu, lakini mie niko na 100.» Tulimcheka. Mmoja wetu alimjibu: «Mashini haikosei. Pengine weye ulisoma vibaya.» Akakaa chini, akainamisha kichwa. Jioni mwalimu alifungua tena rundo la karatasi. Kumbe 100 iko pale, kwa biki nyekundu, na mwandiko wake mwenyewe.

Kesho yake mwalimu aliomba masamaha mbele ya darasa zima. Yule kijana alirudisha kitabu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Na sisi tuliocheka tulikwenda kumwomba dada yule masamaha. Hiyo ilikuwa vizuri, lakini swali lilibaki: juu ya nini mashini ilisema 91?

2. SABABU YAKE

Programu ya karatasi ilikuwa hii:

kubwa = input("Alama ya kwanza: ")
for i in range(41):
    alama = input("Alama: ")
    if alama > kubwa:
        kubwa = alama
print(kubwa)

Maana yake ni nyepesi. Shika alama ya kwanza. Soma zile zingine 41. Kila mara ukikuta iliyo kubwa kuliko ile unayoshika, acha ya zamani, shika mpya. Mwishoni onyesha ile unayoshika.

Lugha ya programu hii inaitwa Python. Mwenye kuianzisha ni Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991. Karatasi yetu iliandikwa wakati mashini zetu zilikuwa na Python 2. Katika Python 2, input ilipokea kitu ulichopiga na kukihesabu palepale. Ukipiga 100, ilishika hesabu mia moja.

Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 2008 Python 3 ilitoka, na ndani yake ile input ya zamani iliondolewa. Waliiondoa kwa sababu nzuri: ilikuwa na hatari. Ilitimiza jambo lolote mtu alilopiga, hata kama ni amri ya kuharibu kazi. Lakini kulikuwa na kazi nyingine, raw_input, iliyopokea maandiko tu bila kuyahesabu. Hiyo ndiyo ilipewa jina la input. Basi jina lilibaki mlangoni, lakini mwenye nyumba si yule tena.

Leo, katika Python 3, ukipiga 100 kwa input, mashini haishiki mia moja. Inashika alama tatu za maandiko: 1, na 0, na 0. Na maandiko yanalinganishwa namna ya kamusi, tangu alama ya kwanza. Katika kamusi «baba» hutangulia «ku», hata kama «ku» ni fupi, sababu b hutangulia k. Vilevile 100 huanza na 1, na 91 huanza na 9. Mashini inasema 9 inashinda 1, basi 91 ni kubwa. Haiangalii mbele zaidi.

Hapa mutauliza: kama ni hivyo, juu ya nini programu ilikuwa inatoa majibu mazuri siku zote? Jibu ni hili: alama zote za mbele zilikuwa za tarakimu mbili. Zikiwa na urefu mmoja, kulinganisha kwa maandiko na kulinganisha kwa hesabu kunaleta jibu moja. Kosa lilikaa limelala, likingoja mtu wa kwanza kupata 100. Yaani liliumiza yule aliyefanya kazi vizuri kupita wote.

3. KOSA LENYE KELELE NA KOSA LA KIMYA

Jambo hili lilitufundisha. Zamani, mashini mpya zilipofika, mtu alisahihisha karatasi ile. Tunaona alama za biki yake. Mahali palipoandikwa print kubwa, bila mabano, yeye aliongeza mabano: print(kubwa). Sababu gani alisahihisha pale tu? Kwa kuwa Python 3 inakataa print isiyo na mabano. Programu inasimama, na maneno ya kosa yanatokea kwenye kioo. Lile ni kosa lenye kelele. Kila mtu analiona na kulitengeneza. Lakini input haikupiga kelele, basi ikaachwa.

Tuchukue mfano wa nchi yetu. Mwaka 2015 provensi ziligawanywa, zikawa 26 pamoja na Kinshasa. Katanga ikagawanywa mara nne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Mwanafunzi akisoma katika kitabu cha zamani «Provensi ya Katanga», anashituka, anajua kitabu ni cha zamani. Lakini Équateur vilevile iligawanywa, ikazaa provensi tano, na moja ya zile tano ingali inaitwa Équateur. Kitabu cha zamani kinasema Gemena iko ndani ya Équateur. Mwanafunzi anasoma, hashituki hata kidogo, sababu Équateur ingali kwenye karta. Anaandika hivyo katika majaribio, anapata sifuri. Leo Gemena iko katika Sud-Ubangi.

Katanga ni kama print isiyo na mabano. Équateur ni kama input. Kitu kikiondolewa pamoja na jina lake, msomaji anaonywa. Kitu kikiondolewa na jina likabaki, msomaji anadanganywa, na mwenye kumdanganya ni karatasi iliyosema kweli zamani.

4. NAMNA YA KUTENGENEZA KARATASI

Baada ya jambo lile mwalimu alitupa karatasi zote za masomo, 14, akasema: «Zitengenezeni.» Hizi ndizo kanuni tulizofuata. Zinafaa kwa karatasi za ordinatere, na pengine kwa karatasi zingine pia.

A. Kutafuta kila mahali. Tulifikiri input iko katika somo la 6 tu. Kumbe ilikuwa mahali saba: katika masomo matatu, katika mazoezi mawili, katika majibu ya mazoezi, na katika orodha ya maneno mwishoni. Ukitengeneza somo na kuacha majibu, mwanafunzi anayefanya vizuri ataambiwa amekosa. Njiani tulikuta kosa lingine la kimya. Somo la 3 lilisema 7 / 2 ni 3. Katika Python 2 ni kweli, ilitupa sehemu inayobaki. Katika Python 3 jibu ni 3.5. Anayetaka 3 aandike 7 // 2.

B. Kutofuta tu. Mwenzetu mmoja alisema: «Tufute mistari ile, maneno yaishe.» Tulikataa. Mwanafunzi aliyepewa kaye ya kaka yake atakuja na ile input ya zamani mkononi. Akitafuta katika karatasi yetu asikute neno juu yake, atasema sisi tumesahau, ataendelea na ya kaka yake. Inafaa akute maneno haya: kitu hiki kilikuwapo, kiliondolewa tangu toleo fulani, sasa fanya hivi.

Wenye Python wenyewe wanafanya namna ile. Mfano ni sehemu inayoitwa cgi. Katika toleo 3.11, la mwaka 2022, walionya kwamba itaondolewa. Katika toleo 3.13, mwezi wa 10 mwaka 2024, waliiondoa kweli, pamoja na zingine, jumla 19. Lakini ukurasa wake katika maelezo haukupotea. Ulibaki mfupi, ukisema sehemu hii haiko tena, iliondolewa toleo gani, na toleo la mwisho lililokuwa nayo ni 3.12. Ni kama kaburi lenye jina na tarehe. Mgeni akipita anajua nani amelala pale, hapotezi siku nzima akipiga hodi.

C. Kusema njia mpya. Kumwambia mtu «njia hii imefungwa» bila kumwonyesha ingine ni kumwacha porini. Katika somo la 6 tuliandika: badala ya input("Alama: ") andika int(input("Alama: ")), mahali pote pawili. Neno int linageuza maandiko yawe hesabu nzima. Sasa 100 inashinda 91.

D. Kuandika toleo na tarehe juu ya kila karatasi. Karatasi zetu za zamani hazikusema ni za Python gani. Matengenezo ya Python 2 yaliisha tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2020, lakini mashini mbili za nyuma kule chumbani zingali nayo. Kwa hiyo hatukuchoma karatasi za zamani. Tuliziweka katika faili yao, na juu tukaandika kwa herufi kubwa: KWA PYTHON 2 TU. Ukweli wa mashini moja unaweza kuwa uongo wa mashini ingine, basi karatasi itaje mashini yake.

E. Kujaribu kwa mtu asiyejua. Sisi tulioandika tunasoma kile tulichotaka kuandika, hatusomi kilichoandikwa. Tulimwita mdogo wetu wa mwaka wa tatu, tukamwambia: «Fuata karatasi, usituulize kitu.» Alipiga mstari kwa mstari. Mahali aliposimama, sisi tuliandika upya. Na tulimpa hesabu ngumu kwa makusudi: 9, 45, 100. Ukijaribu kwa 64 na 83 tu, kosa litaendelea kulala.

5. NENO LA MWISHO

Kazi hii ilitushika siku tano za alasiri, na wenzetu walikuwa wakicheza mpira. Haina sifa. Hakuna anayepigiwa makofi kwa sababu ametengeneza karatasi ya somo la 6. Lakini tunakumbuka kichwa kilichoinama darasani. Tulimwamini mwandishi wa karatasi kuliko dada yetu aliyekuwa mbele yetu na alama yake mkononi. Siku ingine mtu akisema «mie naona tofauti na karatasi», tumpe nafasi. Pengine yeye ndiye anaona kilichobadilika, na karatasi ndiyo imechelewa.

MAULIZO

1. Programu ya karatasi ya zamani ikipewa 9 na 45 katika Python 3, itasema ipi ni kubwa? Eleza sababu.
2. Kosa lenye kelele na kosa la kimya vinatofautiana namna gani? Toa mfano mmoja usio wa ordinatere.
3. Kwa nini haifai kufuta tu mistari inayosema juu ya kitu kilichoondolewa?
4. Andika upya programu ya somo la 6 ili itafute alama ndogo kupita zote. Uijaribu kwa 100, 9 na 45.
5. Tazama kitabu kimoja ulicho nacho, cha somo lolote. Tafuta ndani yake jina moja lililobaki na maana yake imebadilika. Andika chini yake kwa krayoni: tangu lini, na sasa inafaa kusema nini.

Wanaotaka kulinganisha majibu yao watukute katika chumba cha ordinatere, siku ya tano, saa nane. Kuja na karatasi yako, hata ile ya zamani. Ya zamani hasa.